Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Filamu Ndani ya Makumbusho

Katika toleo lililopita niliandika kuhusu kumbi za sinema zilizomo ndani ya majumba ya makumbusho ya sanaa ya kisasa, na jinsi kumbi hizo zinavyopanga filamu zake kwa misimu badala ya kuzionyesha moja moja kadiri zinavyoingia sokoni. Barua zilizonifikia tangu hapo ni nyingi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua tano, nikazifupisha kidogo, na kila moja nimeijibu kwa urefu ule ambao nimeona swali lenyewe linaudai.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mzee mstaafu, na kwa mara ya kwanza nimechukua kijitabu cha ratiba ya filamu za msimu katika makumbusho. Nimekuta filamu 12 zilizowekwa chini ya kichwa kimoja, "Kusubiri". Moja ni ya mwaka 1928 na haina sauti, nyingine ni ya mwaka juzi, na nyingine ina dakika 11 tu. Sioni zinahusiana vipi. Ni nani anayezichagua, na kwa mizani gani? Tena, makumbusho yana haja gani na sinema?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kuuliza jambo ambalo sisi tuliofanya kazi katika kumbi hizi aghalabu husahau kulieleza. Nianzie mwishoni mwa barua yako. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifunguliwa mwaka 1929, na mwaka 1935 yakaanzisha idara ya filamu iliyosimamiwa na Iris Barry, Mwingereza aliyekuwa mhakiki wa sinema. Zama hizo filamu iliyokwisha kuzunguka sokoni ilihesabiwa kuwa takataka; nakala nyingi za filamu zisizo na sauti zilichakatwa ili kukamua madini ya fedha yaliyomo kwenye picha, na nyingine ziliachwa ziozee stoo. Mwaka 1936 Henri Langlois na wenzake wakaanzisha Cinémathèque française, hifadhi ya filamu yenye ukumbi wake, mjini Paris, na mwaka 1938 hifadhi nne, za New York, London, Paris na Berlin, zikaunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu ambalo lipo hadi leo. Waliona kwamba filamu ni kazi ya sanaa kama mchoro au kinyago, na kwamba kuitunza bila kuionyesha ni nusu ya kazi. Mchoro ukitundikwa ukutani umekwisha kuonekana; filamu iliyo ndani ya kopo lake haijaonekana na mtu hata mmoja.

Anayechagua huitwa mratibu wa filamu. Mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, na kazi yao ni kutazama filamu nyingi mno kuliko zile zitakazochapishwa kwenye kijitabu chako. Mizani yao haipimi filamu moja peke yake. Filamu nzuri sana inaweza kuachwa kwa sababu haina la kuiambia jirani yake, na filamu yenye kasoro ikachukuliwa kwa sababu inafungua mlango ambao zile nyingine zimeuacha umefungwa. Chukua huo msimu wako wa "Kusubiri". Katika filamu isiyo na sauti, mwigizaji anayesubiri hana saa ya ukutani inayogonga wala mlango unaolia; hapana budi kusubiri kwake kuonekane kwenye vidole, kwenye shingo, kwenye namna anavyoivua glavu na kuivaa tena. Ukitoka hapo, kesho yake ukatazame filamu ya mwaka juzi ambamo mtu amekaa tu huku tukisikia feni ikizunguka, utajikuta unaitazama mikono yake ingawa mwongozaji hakukuelekeza huko. Jicho hilo umelipata jana. Mratibu hakuongeza hata neno moja kwenye filamu hizo mbili, ila amekubadilisha wewe kati ya usiku mmoja na mwingine.

Langlois alisifika kwa jambo hilohilo: kuonyesha usiku mmoja filamu za nchi na zama zilizo mbalimbali kabisa, bila kueleza kwa nini amezipanga hivyo. Vijana waliokuwa wakikaa viti vya mbele vya ukumbi wake, François Truffaut na Jean-Luc Godard wakiwamo, baadaye wakawa waongozaji, na wenyewe walikiri kwamba pale ndipo shule yao ilipokuwa.

Kwa hiyo, mzee wangu, huna haja ya kuzimaliza zote 12. Chukua mbili zilizopangwa siku zinazofuatana, hasa zile ambazo unaona haziendani kabisa, maana hapo ndipo mratibu amefikiri zaidi. Ile ya dakika 11 usiidharau. Filamu fupi inayotangulia ndefu huwekwa ili kukutulizia masikio na macho. Nami nitakupa kipimo changu cha kutofautisha msimu uliofikiriwa na ule uliojazwa tu: tazama kichwa chake. Kama ni kichwa kipana ambacho filamu yoyote duniani ingeingia, kama vile "Maisha" au "Upendo", kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyeumiza kichwa. "Kusubiri" ni kichwa chembamba kidogo, na wembamba huo ni dalili njema.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwenye ratiba ya makumbusho filamu moja iliandikiwa "milimita 35", nikaenda. Picha ilikuwa na mikwaruzo, na kila baada ya muda vidoa vyeusi vya duara vilitokea kwenye kona ya juu kulia. Filamu ileile ninaipata kwenye intaneti ikiwa safi kabisa. Kwa nini nikate tiketi kuona picha mbovu zaidi? Na kwa nini waliionyesha mara moja tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Vile vidoa ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, basi nianze navyo. Filamu ya milimita 35, yaani iliyo kwenye ukanda wa plastiki wenye upana huo, haikai kwenye mkanda mmoja. Hugawanywa katika rili, na rili moja kubwa hubeba takriban mita 600, yaani dakika 20 hivi. Chumba cha projekta huwa na mashine mbili zinazopokezana. Rili ya kwanza inapokaribia mwisho, kidoa cha kwanza hutokea kwenye kona, na mwendesha projekta huwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye hutokea kidoa cha pili, naye hubadilisha mwanga kutoka mashine moja kwenda nyingine. Akifanya vizuri, watu waliokaa ukumbini hawajui kama kuna lililotokea. Wewe uliviona vidoa lakini hukuona picha ikikatika. Maana yake usiku ule nyuma ya kichwa chako kulikuwa na mtu aliyesimama kwa takriban saa mbili akingojea kona ya picha.

Sasa ujue kilichokuwa kikipita mbele ya taa yake. Kila sekunde fremu 24, yaani picha moja moja za kwenye ukanda, husimama mbele ya lenzi, moja baada ya nyingine, na kila fremu humulikwa angalau mara mbili ili jicho lisione kupepesa. Filamu ya dakika 100 ina fremu 144,000, juu ya ukanda wa karibu mita 2,700. Ukanda huo, kabla ya kupanda kwenye mashine, hupitishwa mezani kwa mkono. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka, na mwili bado unaikumbuka: glavu ya pamba, kidole gumba na cha shahada vikiushika ukanda kwenye kingo zake tu, rili ikizungushwa polepole huku mkono wa pili ukisikiliza. Ndiyo, mkono husikiliza. Panapokuwa na kiungo kilicholegea kidole hukwama kidogo. Panapokuwa na tundu lililochanika pembeni, kidole huchomwa. Kila fremu ina matundu manne kila upande, na tundu moja bovu likipita bila kurekebishwa linaweza kurarua kipande kizima mbele ya watazamaji. Siku moja nilifungua kopo lililotoka mbali nikapokewa na harufu kali ya siki. Nilijua kabla hata sijautazama ukanda: asetati, plastiki iliyotumika kutengeneza ukanda ule, inapoanza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe, mpaka ukanda unasinyaa na kujikunja. Rili ile hatukuionyesha. Tulilifunga kopo, tukawaarifu wenyewe, tukawatangazia watu kwamba onyesho limeahirishwa, na jioni ile nilihuzunika kama mtu aliyerudi kutoka hospitalini bila habari njema.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba ukanda ni bora kila siku na dijitali ni duni. Filamu iliyopigwa kwa kamera ya dijitali ionyeshwe kwa dijitali, kwa kuwa huko ndiko ilikozaliwa. Nakala ya milimita 35 iliyochakaa na kufifia rangi hadi kuwa nyekundu tupu haimfai mtu ikiwa kuna ukarabati mzuri uliofanywa kutoka kwenye negativu, yaani ukanda wa asili uliopita ndani ya kamera. Na filamu nyingi zisingetufikia kabisa bila ukarabati wa dijitali. Mfano ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973, iliyokarabatiwa mwaka 2008. Na mwaka 2017 ulianzishwa mradi maalumu wa kuzitafuta na kuzikarabati filamu za Afrika, ukishirikisha shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika pamoja na UNESCO. Negativu za filamu nyingi za bara hili zilihifadhiwa kwenye maabara za Ulaya, mbali na waliozitengeneza. Unapoona pengo kwenye msimu, filamu ambayo ungetarajia iwepo nayo haipo, usikimbilie kusema mratibu ameisahau. Mara nyingi ameitafuta, na nakala inayoweza kuonyeshwa haikupatikana.

Hoja yangu kwako ni nyingine. Ile picha safi ya kwenye intaneti huenda imesafishwa kupita kiasi. Chembechembe ndogo zinazotembea ndani ya picha ya ukanda ndizo picha yenyewe, si uchafu uliotua juu yake; mashine ikizifuta, nyuso za watu hulainika zikawa kama nta. Mpigapicha wa filamu ile alipima mwanga wake akijua utapita kwenye ukanda na kutua kwenye pazia kubwa gizani. Ukitaka kujua alichokikusudia, hapo ndipo pa kwenda, walau mara moja, na mikwaruzo utaizoea kama unavyozoea sauti ya mtu mzima inayokwaruza.

Kuhusu kuonyeshwa mara moja tu: kila onyesho huombewa kibali cha mwenye haki, na ada hulipwa kwa kila onyesho. Nakala ya hifadhi nayo ina masharti yake. Hifadhi nyingi hukataa kuikopesha kwa ukumbi usio na mashine mbili, kwa sababu mashine moja ingelazimisha rili zikatwe na kuunganishwa. Kila safari kupitia mashine huula ukanda kidogo. Hata faili za dijitali mara nyingi huja zimefungwa kwa ufunguo unaofanya kazi kwenye mashine moja tu, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na muda ukipita hazifunguki. Ndiyo maana ratiba ya makumbusho ukiiona leo, iweke alama leo.

SWALI: Ndugu mwandishi, ninaona haya kuandika hili. Mimi ni muuguzi, ninafanya kazi kwa zamu. Rafiki yangu alinipeleka makumbusho kutazama filamu ya zaidi ya saa tatu ambayo mwanamke anafanya kazi za nyumbani. Nililala. Nilipoamka alikuwa bado jikoni. Watu wote walitoka wakiisifu, nami nikanyamaza. Je, filamu hizi si zetu sisi wengine?

JIBU: Dada yangu, ni zenu kabisa, na haya uiweke kando. Mtu aliyetoka zamu ya usiku akalala kwenye kiti laini gizani hajaikosea filamu adabu.

Kwa maelezo yako ninadhani ulipelekwa kuona Jeanne Dielman, aliyoitengeneza Chantal Akerman wa Ubelgiji akiwa na umri wa miaka 24. Ilitoka mwaka 1975, ina dakika 201, na mwaka 2022 ilishika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki inayoendeshwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound kila baada ya miaka 10. Sikutajii nafasi hiyo ili ujilazimishe kuipenda. Ninataka tu kukuonyesha kwa nini ni ndefu. Filamu inamfuata mama mmoja kwa siku tatu, na kamera haisogei. Inasimama mahali pamoja kama mtu aliyekaa kimya jikoni. Siku ya kwanza tunaona jinsi anavyofanya kila kitu: sahani inakaa wapi, taa inazimwa lini, viazi vinamenywaje. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Basi, ni hilo tu, viazi. Lakini aliyekaa naye siku nzima iliyotangulia hushtuka, kwa kuwa sasa anaijua nyumba ile na anatambua kwamba kuna kitu kimelegea ndani ya mama huyu. Ungefupisha siku ya kwanza ikawa dakika tano, viazi vingebaki kuwa viazi.

Wewe ni muuguzi. Unajua kukaa kitandani kwa mgonjwa usiku kucha na kutambua, kwa mabadiliko madogo ya pumzi, kwamba hali imegeuka. Sijui mtazamaji aliyejiandaa vizuri kuliko wewe kwa filamu ya namna hii. Iendee siku uliyopumzika, onyesho la mchana, na usikae nyuma kabisa. Kabla ya kuingia usisome maelezo marefu, yasome ukitoka. Ukisinzia tena kwa dakika chache, ukiamka endelea kutazama, wala usimuulize jirani umekosa nini. Na kama baada ya kuiona yote utaona haikukufaa, useme hivyo waziwazi mbele ya rafiki yako. Kumbi hizi zinahitaji watu wanaosema walichokiona kuliko zinavyohitaji watu wa kusifu.

SWALI: Nilichelewa dakika saba tu, mlinzi wa mlango akanikatalia kuingia ingawa viti vilikuwa vitupu. Je, hii ni haki?

JIBU: Ninaelewa uchungu wako, lakini niko upande wa mlinzi. Katika filamu nyingi za namna hii mwongozaji hukufundisha ndani ya dakika chache za mwanzo namna ya kuitazama filamu yake, na mlango ukifunguliwa mwanga wa ukumbi wa nje hulifuta pazia lote kwa waliokwisha kukaa. Ambacho ninakitaka kwa kumbi ni kwamba sharti hilo liandikwe kwenye tiketi kwa herufi zinazosomeka. Hilo ni haki yako kulidai.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu. Shule yetu ina ukumbi, projekta ya kawaida na vipaza sauti viwili. Baada ya kusoma makala yako ninataka kuandaa msimu mdogo wa filamu nne kwa wanafunzi wa kidato cha juu na wazazi wao. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Anza na swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake. Usianze na filamu unazozipenda, kwa sababu hizo utazipanga kama zawadi, nao watazipokea kama somo. Swali liwe jembamba: mtu akirudi nyumbani baada ya muda mrefu, ni nani hasa anayekuwa mgeni? Hapo tafuta filamu nne ambazo kila moja inalijibu tofauti, na walau moja inayolikataa swali lenyewe.

Omba kibali cha kuonyesha, kwa maandishi, mapema. Diski uliyonunua au filamu unayoilipia nyumbani mara nyingi hukupa ruhusa ya kutazama na familia yako tu, si kuionyesha hadharani, hata kama hutozi kiingilio. Mwandikie msambazaji au mtengenezaji mwenyewe, ukimweleza kwamba ni shule, watu wangapi na onyesho ngapi. Watengenezaji wengi wa filamu huru hujibu kwa ukarimu wanapoulizwa kwa heshima.

Kisha itazame kila filamu mwanzo hadi mwisho ndani ya ukumbi huohuo, kwa mashine hiyohiyo, wewe peke yako. Kaa kiti cha nyuma kabisa usome maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha; kama wewe huyasomi, mzazi mwenye miaka 60 hatayasoma. Ziba madirisha, kwani projekta ya kawaida haishindani na mwanga wa jioni. Angalia umbo la picha: filamu za zamani picha yake inakaribia mraba, na ukiiacha mashine iitanue mpaka ijaze pazia, nyuso zote zitanenepa na kazi ya mpigapicha itakuwa imeharibika kabla hujasema karibu. Acha kingo nyeusi zibaki pembeni. Sauti ipime ukumbi ukiwa mtupu, halafu iongeze kidogo, maana miili ya watu hunyonya sauti.

Mpangilio ndio kazi yenyewe. Filamu ngumu kuliko zote usiiweke mwisho kama wengi wanavyofanya kwa kudhani watu watakuwa wamekomaa; iweke ya pili, wakati hamu ingali mbichi, ili mbili zinazofuata zionekane kwa mwanga wake. Utangulizi wako usizidi dakika tatu, na usieleze kisa. Mwisho wa filamu usiwashe taa mpaka majina yote yamepita, kisha subiri kidogo kabla ya kuuliza lolote. Swali la kwanza waulize walichokiona au kukisikia, kitu kimoja tu kila mtu: mlango, koti, sauti ya mbwa. Wanafunzi na wazazi wanaweza kujibu hilo kwa usawa, na mazungumzo yatakayofuata hayatakuwa na mwalimu.

Ukishazipata hizo nne na kuzipanga, niandikie mfuatano wake. Ninatamani sana kujua ya pili ni ipi.